Kipande cha kioo mgongoni: maisha ya Marius Smith-Petersen, munganga wa mifupa

Kinsevere, kilometa kama 30 kaskazini ya Lubumbashi, watu wanajua vizuri shaba inatoka namna gani. Jiwe linasagwa, linaloweshwa ndani ya asidi, maji yake yanasafishwa, kisha yanapitishwa umeme ndani ya mabirika, na shaba inajikamata kidogo kidogo juu ya vibao mpaka inakuwa bati safi na nzito. Mwaka 2023 mgodi wa hapo ulianza kutoa pia kobalti. Ukiuliza kobalti inaenda kufanya nini, wengi watajibu: betri za simu na za magari ya umeme. Ni kweli. Lakini miaka mingi kabla ya simu hizo kuzaliwa, kobalti ilikwisha kuingia mahali pengine kabisa: ndani ya nyonga za watu waliokuwa hawawezi tena kutembea.

Mtu aliyeifikisha ku nyonga aliitwa Marius Smith-Petersen. Leo jina lake linajulikana zaidi na waganga wa mifupa kuliko na watu wa kawaida. Zamani haikuwa vile. Katika miaka ya 1930 na 1940 wagonjwa walisafiri mbali kumfuata Boston, Marekani, wengine wakiwa wamekaa kitini au kitandani kwa miaka. Na somo aliloliacha ndilo bado linafanyiwa kazi leo kila mahali panapotengenezwa vyuma vya kuweka mwilini: mwili hauangalii tu kitu ulichowekewa ni kitu gani, unaangalia pia uso wake wa nje uko namna gani.

Kijana kutoka Norwei

Marius Nygaard Smith-Petersen alizaliwa tarehe 14 Novemba 1886 kule Grimstad, mji mdogo wa bandari kusini ya Norwei, mahali ambapo watu walijulikana kwa kuunda mashua za tanga. Alipokuwa na miaka 16 alivuka bahari na kuhamia Marekani, katika mji wa Milwaukee. Kiingereza hakikuwa lugha ya kwao, lakini shule haikumshinda. Alisoma kwenye chuo kikuu cha Wisconsin, kisha akaingia Harvard kusomea uganga, akamaliza mwaka 1914.

Kazi yake ya kwanza ya mafunzo aliifanya chini ya Harvey Cushing, munganga maarufu wa kupasua ubongo. Kwa Cushing kijana alifundishwa jambo moja ambalo halikumtoka tena: damu ya mgonjwa si kitu cha kumwaga ovyo. Baada ya hapo akaenda kujifunza kazi ya mifupa kwenye Massachusetts General Hospital, hospitali kubwa ya Boston.

Kule akaona operesheni ya nyonga ambayo mgonjwa alipoteza damu nyingi sana. Nyonga imefichwa ndani kabisa, chini ya misuli minene, na waganga wa wakati ule walikuwa wanakata misuli hiyo ili wafike ku mfupa. Kijana akajiuliza: juu ya nini kukata, kama kuna njia ya kupita katikati? Akachunguza mwili, akapata njia ya kupitia mbele, akisogeza misuli pembeni na kuibandua juu ya mfupa badala ya kuichana. Mwaka 1917 akaiandika. Njia hiyo waganga wanaitumia mpaka leo, na jina lake limebaki juu yake.

Msumari wenye mapezi matatu

Kuna mvunjiko mmoja ambao wakati ule ulikuwa kama hukumu ya kifo kwa wazee: kuvunjika shingo ya mfupa wa paja, pale karibu kabisa na nyonga. Mama mzee anateleza nyumbani, anaanguka upande, hasimami tena. Dawa iliyokuwepo ilikuwa kumfunga plasta kubwa kutoka kifuani mpaka mguuni na kumlaza kwa miezi. Wengi walikufa kwa ugonjwa wa mapafu au kwa vidonda vya kulala. Waliopona, mara nyingi mfupa wao haukuunga.

Mwaka 1925 Smith-Petersen alianza kutumia msumari wa chuma wa aina yake mwenyewe. Haukuwa wa mviringo kama ule wa kupigilia mbao. Ulikuwa na mapezi matatu membamba, ukiutazama kwa mbele unaona nyota ya miguu mitatu. Sababu yake ni rahisi. Msumari wa mviringo unaacha kipande cha mfupa kizunguke, sawa vile gurudumu linazunguka juu ya ekseli. Mapezi yanazuia kuzunguka. Tena kwa kuwa ni membamba, yanaharibu mfupa kidogo. Mwaka 1931 yeye na wenzake wawili waliandika matokeo yao. Muda si mrefu msumari ule ulikuwa Ulaya na Amerika yote. Wazee waliokuwa wanafungwa plasta kwa miezi sasa waliweza kukalishwa kitandani baada ya siku chache tu.

Tangu 1929 ndiye aliyekuwa mkubwa wa kitengo cha mifupa kwenye hospitali ile ya Boston. Angeweza kutulia na sifa ya msumari. Lakini kuna wagonjwa ambao msumari haukuwasaidia kitu: wale ambao nyonga yao haikuvunjika, ila imekauka.

Kipande cha kioo

Nyonga nzima iko kama mpira ndani ya kikombe. Mpira ni kichwa cha mfupa wa paja, kikombe kiko ndani ya mfupa wa kiuno. Vyote viwili vimefunikwa na gegedu, ile nyama nyeupe ngumu yenye kuteleza ambayo tunaiona mwishoni mwa mfupa wa kuku. Katikati kuna ute kidogo kama mafuta. Gegedu ikiisha, iwe kwa ugonjwa wa baridi ya viungo, kwa ajali au kwa kuzaliwa na nyonga isiyokaa vizuri, mfupa unasagana na mfupa. Maumivu hayaachi hata usiku. Mara nyingine mifupa miwili inashikana kabisa na mguu haukunjiki tena.

Waganga walikuwa wamejaribu kutenganisha mifupa hiyo kwa kuweka kitu katikati: nyama ya mgonjwa mwenyewe, ngozi, hata utando wa kibofu cha nguruwe. Mara nyingi matokeo hayakudumu.

Mwaka 1923 Smith-Petersen alimtoa mgonjwa mmoja kipande cha kioo kilichokuwa mgongoni kwa mwaka mmoja. Operesheni ndogo tu. Munganga mwingine angetupa kioo na kushona kidonda. Yeye aliangalia pale kioo kilipokuwa kimelala. Akaona mwili haukukasirika. Hapakuwa na usaha, wala kovu nene. Mwili ulikuwa umekizungushia kioo kile utando mwembamba, laini, wenye kung'aa, na ndani yake matone machache ya maji ya rangi ya manjano. Utando ule na maji yale vilifanana sana na vile vya ndani ya kiungo chenye afya.

Hapo ndipo wazo lilipomjia. Kama mwili unatengeneza uso laini ukikutana na kitu laini, basi uwekewe kitu laini ndani ya nyonga: kikombe chembamba katikati ya mpira na tundu lake. Hakuwa anafikiri kubadilisha mfupa. Alikuwa anataka mwili wenyewe ujitengeneze. Kikombe kingekuwa kama kalibu ya kupigia matofali: udongo unachukua sura ya kalibu, kisha kalibu inatolewa na tofali linabaki. Ndiyo maana hata jina alilolipa operesheni yake lilitokana na neno kalibu. Alitumaini kwamba kisha miezi kadhaa angeweza kufungua tena, atoe kikombe, na kuacha gegedu mpya iliyoumbwa na mwili.

Miaka 15 ya kujaribu

Mwaka uleule wa 1923 akaanza na vikombe vya kioo. Wagonjwa walisimama, wakatembea, wakafurahi. Kisha vikombe vikapasuka. Uzito unaopita ndani ya nyonga mtu anapotembea ni mara kadhaa uzito wa mwili wake, na kioo hakikustahimili.

Ilibidi afungue wagonjwa tena na kutoa vipande. Hapo ndipo kukawa na jambo la kushangaza: chini ya vipande vilivyopasuka, mfupa ulikuwa umeanza kujifunika na nyama mpya, nyeupe na laini. Mwili ulikuwa umefanya kazi yake. Kilichoshindwa kilikuwa kikombe.

Mwaka 1925 akajaribu aina ya seluloidi, plastiki ya siku zile. Haikuvunjika kama kioo, lakini safari hii mwili ulikataa. Nyama iliyozunguka kikombe ikavimba na kuwa nene, kama vile inavyofanya ikiingiwa na mwiba. Sura ilikuwa ileile, ulaini ulikuwa uleule karibu, lakini mwili ulijua tofauti. Akaacha.

Mwaka 1933 akarudia kioo, ila kioo cha aina ya Pyrex, kile kinachostahimili moto, chenye nguvu zaidi. Baadhi yake navyo vikavunjika. Akajaribu pia Bakelite, plastiki ngumu nyeusi kama ile ya simu za zamani. Nayo haikumridhisha.

Miaka 15 ni mingi. Kila kikombe kilichovunjika kilikuwa ndani ya mtu mwenye jina, aliyekubali kupasuliwa kwa kuamini munganga wake, akapasuliwa tena. Ni haki kuliuliza swali hilo. Leo kitu kipya hakiwekwi ndani ya mtu kabla ya kupimwa kwa miaka kwenye mashine, kwenye seli ndani ya maabara na kwa wanyama, na kabla ya kamati kuruhusu. Wakati ule munganga na mgonjwa walikuwa wanapatana wawili tu. Kinachoonekana katika maandiko yake ni kwamba hakuficha: alihesabu waliovunjikiwa sawa na alivyohesabu waliopona.

Kobalti inaingia

Msaada ulikuja kutoka pande mbili ambazo hakuzitarajia.

Ya kwanza ni Texas. Kule waganga wawili, Charles Venable na Walter Stuck, walikuwa wanauliza kwa nini vyuma vinavyowekwa ku mifupa vinalegea na kuleta maumivu. Watu wa Kinsevere wangewaelewa haraka, kwa sababu jibu liko ndani ya mabirika ya shaba: umeme. Maji ya mwili yana chumvi. Weka ndani yake metali mbili tofauti, au metali moja isiyo tulivu, na mkondo mdogo wa umeme unaanza kupita. Metali inaliwa, chembe zake zinaingia ndani ya nyama, na mfupa ulio karibu unaoza. Venable na Stuck walipima metali mbalimbali ndani ya wanyama, na mwaka 1937 wakaandika kwamba moja ilikaa kimya kuliko zingine. Jina lake Vitallium.

Ya pili ni daktari wa meno wa Smith-Petersen mwenyewe. Vitallium ilikuwa imeanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1930 kutengenezea meno ya bandia. Daktari yule wa meno akamshauri aijaribu.

Vitallium ni mchanganyiko wa metali tatu: kobalti, ambayo ndiyo kubwa, zaidi ya nusu, kromi, na molibdeni kidogo. Kobalti inatoa nguvu. Kromi inafanya kazi nyingine: ikikutana na hewa au maji inatengeneza juu ya chuma ngozi nyembamba sana, isiyoonekana kwa macho, na ngozi hiyo ndiyo inayozuia chuma kuliwa. Ikikwaruzwa, inajirudisha yenyewe. Maana yake ni kwamba mwili wa mgonjwa hauigusi kobalti yenyewe. Unagusa ile ngozi ya juu. Tena ni habari ya uso.

Wakati huo Katanga ilikuwa kati ya mahali pakubwa kabisa pa kutoa kobalti duniani. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilianza kuitoa katika miaka ya 1920, ikitumia mikono ya watu waliochukuliwa vijijini hapa karibu na hata mbali, Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini. Kikombe cha nyonga hakina chapa ya shimo ambalo madini yake yalichimbwa. Lakini barabara ya kobalti kutoka udongo huu mpaka viwanda vya Ulaya na Amerika ilikwisha kufunguliwa.

Mwaka 1938 Smith-Petersen aliweka kikombe cha kwanza cha Vitallium. Hakikupasuka, na mwili haukukikasirikia. Mwaka uliofuata akaandika habari yake, na operesheni hiyo ikaenea. Alikwisha kuacha wazo lake la kwanza la kutoa kikombe baadaye: hiki kiliweza kukaa.

Haikuwa muujiza. Mgonjwa alibaki hospitalini kwa majuma mengi, kisha akawa na miezi ya mazoezi na magongo. Wengine walihitaji kufunguliwa mara ya pili. Lakini mtu aliyekuwa halali usiku kwa maumivu aliweza kulala, na aliyekuwa anabebwa aliweza kwenda mwenyewe kanisani au sokoni. Mwaka 1957 Otto Aufranc, aliyefanya kazi pamoja naye Boston na kuiendeleza, aliandika habari ya operesheni 1000 za aina hiyo zilizofanywa katika muda wa miaka 15. Nyingi kati ya hizo zilikuwa zimeleta matokeo mazuri.

Smith-Petersen hakusimama ku nyonga peke yake. Mwaka 1945 yeye na wenzake waliandika juu ya wagonjwa ambao ugonjwa ulikuwa umeukausha uti wao wa mgongo ukiwa umepinda, watu waliotembea wakitazama chini miaka yote bila kuweza kumwona usoni mtu anayesema nao. Alikata kabari za mfupa upande wa nyuma wa uti, kisha akaunyoosha. Operesheni hiyo nayo inafanywa bado, nayo inaitwa kwa jina lake.

Mwaka 1947 aliitwa kwenye chuo kikuu cha Leeds, Uingereza, kutoa mafundisho ya heshima mbele ya wapasuaji. Alieleza safari yote toka mwanzo: kioo kilichopasuka, seluloidi iliyokataliwa, Pyrex, Bakelite, mpaka Vitallium. Alikufa mwezi wa 6 mwaka 1953, akiwa na miaka 66.

Uso laini na uso wa kukwaruza

Kisha kifo chake, kikombe chake hakikukaa miaka mingi. Mwaka 1962 Muingereza John Charnley alifikia nyonga kamili ya bandia, yenye mpira wa chuma na tundu la plastiki, vyote vikibandikwa ku mfupa kwa saruji ya kipekee. Leo operesheni za aina hiyo zinafanywa duniani kwa mamilioni. Kikombe cha Boston kiko ndani ya makumbusho.

Swali la Smith-Petersen ndilo lililobaki hai. Yeye alijifunza kwamba uso laini unafanya mwili utengeneze utando laini. Hiyo ni nzuri mahali pa kuteleza. Lakini je, mahali ambapo chuma hakitakiwi kuteleza hata kidogo, pale ambapo shina lake linapigiliwa ndani ya mfupa wa paja? Pale utando laini ni adui. Chuma kinacheza ndani yake, kinalegea, na maumivu yanarudi.

Mmarekani Austin Moore aliliona jambo hilo mapema. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alitengeneza shina la Vitallium lenye matundu, ili mfupa uote kupitia ndani na kulifunga. Kule Sweden, mwaka 1952, Per-Ingvar Brånemark alikuwa ameweka vifaa vidogo vya titani ndani ya mifupa ya sungura ili achunguze damu. Alipotaka kuvitoa, havikutoka. Mfupa ulikuwa umeshikana na titani bila utando katikati. Kama vile kioo cha mgongoni, lilikuwa jambo ambalo mtu mwingine angeliona kuwa usumbufu tu.

Toka hapo wataalamu wamejua kinachotokea hatua kwa hatua. Chuma kikiingia mwilini, kitu cha kwanza kukigusa si seli. Ni maji ya damu. Mara moja, kwa sekunde chache, protini za damu zinajipaka juu ya uso wake. Seli zinakuja baadaye, na zenyewe hazishiki chuma, zinashika zile protini. Uso ukiwa safi na wenye kupenda maji, protini zinakaa vizuri. Uso ukiwa na mafuta au uchafu, hata usioonekana, zinakaa vibaya. Seli inayojenga mfupa ikipata pa kushika, inajitandaza, inagawanyika, na kuanza kumwaga mfupa mpya. Isipopata, inabaki mviringo kama mtu asiye na pa kukaa, na mwisho inakufa au inaacha nafasi kwa seli za kovu.

Ndiyo maana leo viwanda vinahangaika na ngozi ya chuma kuliko hata chuma chenyewe. Kuna njia kubwa tatu au nne. Ya kwanza ni kupiga uso kwa punje ngumu zinazopulizwa kwa nguvu, kama mchanga, mpaka unakuwa wa kukwaruza. Ya pili ni asidi: ileile ambayo Kinsevere inayeyusha jiwe la shaba, hapa asidi kali inakula titani kidogo tu na kuacha vishimo vidogo sana. Ukwaruzaji unaotafutwa kwenye mizizi ya meno ya bandia ni wa maikromita 1 mpaka 2, wakati unywele wa mtu una unene wa maikromita kama 70. Ya tatu ni kuyeyushia juu ya chuma shanga ndogo za metali ileile, ili pabaki matundu ya maikromita 100 mpaka 400 ambamo mfupa na mishipa ya damu inaweza kuingia. Ya nne, iliyoanza kutumika ku nyonga katikati ya miaka ya 1980, ni kupuliza juu ya shina, kwa moto mkali sana, poda ya madini ya kalsiamu na fosfeti yanayofanana na yale ya mfupa wenyewe. Seli zikifika, zinakutana na kitu cha kwao.

Kila njia ina bei yake. Uso wa kukwaruza unaoshikwa na seli unashikwa pia na vidudu. Pale ndani kuna mashindano: seli zikifika kwanza zinafunika nafasi yote, vidudu vikifika kwanza, vinajenga gamba ambalo dawa haziwezi kulipenya, na mara nyingi chuma lazima kitolewe. Usafi wa chumba cha operesheni ni sehemu ya kazi ya uso ule.

Na kobalti yenyewe si kitu cha kuchezea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulitumika sana nyonga ambazo mpira na tundu vyote viwili ni vya kobalti na kromi. Vilisagana, chembe zikaingia ndani ya nyama na damu, na mwaka 2010 moja kati ya aina hizo ikaondolewa sokoni dunia nzima. Chuma kilekile kilichokaa kimya mahali pamoja kilipiga kelele mahali pengine, kwa sababu uso wake ulikuwa unasugua uso wa ndugu yake.

Hapa kwetu

Katika majimbo yetu ya mashariki, nyonga hazikosi taabu. Kuna ajali za pikipiki na za malori ya madini. Kuna wazee wanaoanguka. Na kuna vijana wenye ugonjwa wa drepanosi, ambao damu yao inaziba mishipa midogo mpaka kichwa cha mfupa wa paja kinakufa kabla hawajafika miaka 30. Nyonga kamili ya bandia bado ni ghali kwa wengi.

Lakini mambo mengine hayahitaji mashine kubwa. Mzee aliyeanguka, mguu wake ukaonekana mfupi na umegeukia nje, asikandwe wala kuvutwa nyumbani: damu inayolisha kichwa cha mfupa inapita palepale palipovunjika, na kila siku inayopita inapunguza matumaini. Mtu aliyewekewa chuma aombe karatasi yenye jina la kifaa, metali yake na tarehe, na aitunze sawa na kadi ya chanjo, maana munganga atakayekuja baada ya miaka 10 ataihitaji. Na chuma kilichotolewa ndani ya mtu mmoja kisiwekwe ndani ya mwingine, hata kikioshwa: uso wake umekwisha kukwaruzwa na kubeba vitu ambavyo macho hayaoni.

Munganga akifungua leo pakiti ya nyonga mpya juu ya meza ya operesheni, anaona nyuso mbili. Mpira wa juu unang'aa kama kioo, mtu anaweza kujiona ndani yake. Shina la chini ni la kijivu na lina mikwaruzo kama tofali ambalo halijapigwa lipu. Upande mmoja mwili unaombwa uteleze, upande mwingine unaombwa ushike, na upande ule wa kwanza mara nyingine bado ni kobalti.